Tovuti Binafsi Inaishi kwa Tarehe

Ndugu zangu, karibuni, na ahsanteni kwa kuitikia wito.

Tovuti nyingi za watu binafsi huzimika zikiwa na kurasa nzuri tu. Mwenyewe anajua kuandika, mwonekano unapendeza, wasomaji wapo. Kilichoiangusha ni tarehe iliyopita bila mtu kuiangalia: jina limeisha muda, cheti kimekwisha, nakala rudufu iliacha kuchukuliwa tangu mwaka juzi. Leo nataka tuzitazame tarehe hizo na namna ya kuzishika.

Tuanze na jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti yako. Jina lile umelikodi, mara nyingi kwa mwaka mmoja mmoja. Kila mwisho wa jina una daftari lake linalotunza orodha ya majina, kwa mfano la .ke liko KeNIC, na malipo yako hupitia kwa msajili, yaani kampuni inayokukodishia jina. Kila daftari lina masharti yake jina likiisha muda, kwa hiyo soma ya kwako. Kwa .com, msajili anaweza kukuvumilia hadi siku 45, ingawa halazimiki kukupa zote. Likishafutwa linakaa siku 30 za kukombolewa, na ada ya kulikomboa huwa kubwa kuliko ya kulihuisha. Hizo zikiisha huja siku 5 za mwisho; nazo zikipita, atakayewahi ndiye atakayelichukua.

Mtego wa kwanza hapa ni kadi. Mtu analipia kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pesa za simu, anawasha malipo ya kujiendesha, anasahau. Siku ya makato kadi haina salio, na malipo yanagoma kimyakimya. Mtego wa pili ni mbaya zaidi: baruapepe uliyompa msajili iko kwenye kikoa hichohicho. Jina likizimwa, barua nazo zinakatika, pamoja na ile ya kubadilishia neno la siri. Mpe msajili anwani iliyo nje ya kikoa chako, na ufanye hivyo leo.

Sasa cheti cha usalama, kile kinachoifanya tovuti ifunguke kwa https, na hapa naomba tukae kidogo. Wengi wetu tunatumia vyeti vya bure vya Let's Encrypt, ambavyo kwa kawaida vinadumu siku 90. Programu ya Certbot huvihuisha zikibaki kama siku 30. Zamani kulikuwa na baruapepe za kukumbusha. Let's Encrypt iliziacha Juni 2025. Na muda unazidi kufupishwa kwa watoa vyeti wote: kikomo ni siku 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Kuhuisha kwa mkono kumekwisha kazi.

Kinachokwamisha uhuishaji ni nini? Mara nyingi ni poti 80, mlango wa seva unaopokea http ya kawaida. Mtu anaona tovuti yake inapita poti 443, mlango wa https, basi anaifunga 80 kwenye ukuta wa ulinzi. Lakini uhakiki wa kawaida wa Let's Encrypt, wa kuthibitisha kwamba jina ni lako, huanzia hapohapo 80. Iache wazi, na wageni wake waelekeze kwenye https. Sababu nyingine huwachanganya hata mafundi: rekodi ya AAAA, ile inayolipa jina lako anwani ya IPv6 (aina mpya ya anwani za mtandao; ya zamani ni IPv4), iliyobaki ikielekeza kwenye seva ya zamani. Ukifungua tovuti kwa simu inayotumia IPv4 unaona mambo shwari, kumbe mhakiki anaanza na IPv6 na anagonga mlango wa nyumba uliyohama.

Iko na ya tatu. Cheti kimehuishwa, faili jipya lipo kwenye diski, ila Nginx, programu inayowapa wageni kurasa zako, bado imeshika la zamani kwenye kumbukumbu yake. Dawa ni kumpa Certbot amri ya kufuata kila baada ya kuhuisha:

certbot renew --deploy-hook "systemctl reload nginx"

Kisha jaribu kwa certbot renew --dry-run. Jaribio hilo, kwa kawaida, haliigusi ile amri ya baada ya kuhuisha. Likifaulu, bado utafute tarehe yenyewe: bofya alama iliyo kando ya anwani kwenye kivinjari, fungua cheti, soma siku kinapoisha. Ukiiona imesogea mbele bila wewe kugusa kitu, hapo una haki ya kufurahi.

Picha nitazipitia haraka. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 inaweza kufika MB 4, na ukurasa wenye kumi unakula MB 40 za bando la msomaji. Punguza upana uwe pikseli 1200, hifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, kwa ubora wa 75 hivi. Nyingi zitashuka chini ya KB 200. Andika upana na urefu kwenye msimbo, maandishi yasirukeruke picha zinapoingia.

Nakala rudufu. Kwa WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, hifadhidata peke yake haitoshi; unahitaji pia folda ya wp-content na faili la wp-config.php. Nakala inayokaa kwenye seva ileile itapotea pamoja na seva. Na nakala ambayo hujawahi kuirudisha huijui kama ni nzima. Isimike kwenye kompyuta yako, angalau mara moja kila robo mwaka, na ufungue kurasa zake.

Utazame nini? Tafuta ukurasa wenye neno ng'ombe au ng'ambo. Kiswahili chetu hakina herufi za ajabu, ila simu na programu za kuandikia hupenda kuipinda ile alama ya juu. Data ikitolewa kwa usimbaji mmoja (namna kompyuta inavyoandika herufi kwa namba) na kusomwa kwa mwingine, neno linatokea hivi: ngâ€™ombe. Usikimbilie kusahihisha neno mojamoja, maana utaharibu zaidi. Rudi kwenye hifadhidata ya awali, itoe upya kwa amri ya mysqldump --default-character-set=utf8mb4, hakikisha hifadhidata inayopokea nayo inatumia usimbaji huohuo wa utf8mb4, ndipo uingize. Na seva ya zamani usiifute mpaka ng'ombe wasomeke sawasawa kwenye mpya.