Anwani Isibebe Njia

Ndugu zangu, hili nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: ukiiandika njia, yaani mashine ambazo barua itapitia, ndani ya anwani ya baruapepe, unajitafutia balaa. Anayebisha atazame hapa ubaoni:

duka!asha@pwani

Tuseme duka na pwani ni kompyuta, Asha ni mtu. Barua ianzie wapi?

Kwenye UUCP, mtandao wa mashine za Unix zilizopigiana simu kwa modemu, husomwa kutoka kushoto: barua iende duka, na duka iisukume kwa asha@pwani. Kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, kwa kanuni za RFC 822 za 1982 (RFC ni hati za kanuni za mtandao), hutazamwa kwanza kilicho kulia kwa @: iende pwani, na pwani ndiyo itafute duka. Njia mbili tofauti kabisa, herufi zilezile.

Msiniambie mmoja kakosea. Kila mmoja yuko sahihi kwao. Balaa liko langoni, kwenye mashine iliyounganishwa na mitandao yote miwili. Ndiyo maana sendmail, programu ya kupeleka barua ya Eric Allman wa Berkeley, ilikuwa na faili la kanuni za kuandika upya anwani, na mwenye lango ndiye aliyeamua @ itangulie au alama ya mshangao (!) itangulie. Pande mbili za kila kanuni zilitenganishwa kwa tabo. Nakili faili hilo vibaya, tabo zigeuke nafasi tupu, kanuni inakataliwa.

Halafu kuna majibu. Kila mashine ya UUCP iliongeza jina lake mbele ya njia ya mtumaji, hivyo barua ilifika na njia ya kurudia. Sawa. Na waliopewa nakala je? Anwani zao ziliandikwa kwa kuanzia alipo mtumaji. duka!juma inaeleweka kwa jirani wa duka. Kwako wewe uliye mashine tano mbele, haikufikishi popote. Lango lisipoirekebisha, unajibu wote, anapata mmoja.

Najua kuna atakayesema pathalias ilimaliza kazi. Programu nzuri sana ile ya Honeyman na Bellovin! Ilipiga hesabu ya njia nafuu kutoka kwenye ramani ya mashine zinazopigiana simu: kiungo cha simu ya kila saa gharama 500, cha kila siku 5000. Mara kumi, si mara 24, kwa sababu kila kituo kinachoongezeka ni nafasi nyingine ya barua kukwama. Lakini ilichotoa bado ni njia! Tena baadhi ya wasimamizi waliikata njia ya mtumaji katikati wakaweka yao, huku mashine mbili zikiweza kuwa na jina moja. Barua inafika kwa duka nyingine kabisa.

Kuandika % badala ya mshangao, kama Asha%duka@pwani, kulipunguza utata, sitaingia huko. Wala kwa Waingereza wa JANET, mtandao wa vyuo vikuu vyao, walioandika majina kinyumenyume, uk.ac mwanzoni; muda hautoshi.

Dawa ni RFC 974 ya Januari 1986: rekodi ya MX, inayosema barua za jina fulani zipokelewe na mashine ipi, ndani ya DNS, daftari la majina ya intaneti. Jina, namba ya kipaumbele, mashine ya kupokea. Namba ndogo hujaribiwa kwanza. Mtumaji anaandika jina tu. Miaka ya 1990 mwanzoni, mashirika ya Nairobi yaliyotumia Fido, mtandao mwingine wa kompyuta zilizopigiana simu, yalipata majina chini ya gn.apc.org, ya GreenNet, mtandao wa London. Barua ilishuka London, ikavuka kwa simu, na aliyeituma hakuhitaji kujua lolote kuhusu simu hiyo.