Trela za Alumini kutoka Cape Town hadi Cairo

REHEMA: Wasikilizaji wetu, karibuni. Leo tuko mwaka 1959. Wamarekani wapatao mia moja wanashusha trela 41 za kuishi za Airstream bandarini Cape Town, nia yao kuzivuta kwa magari hadi Cairo. Kiongozi ni Wally Byam, mwenye kiwanda chenyewe. Walifika mwaka uliofuata.

KASSIM: Ya Byam ilikuwa ya rangi ya dhahabu. Zile nyingine ziling'aa kama sufuria mpya.

REHEMA: Na hebu kumbuka miaka yenyewe ilivyokuwa. Afrika Kusini ubaguzi ni sheria ya nchi. Kenya bado ina hali ya hatari, ambayo iliondolewa Januari 1960. Katikati ya hayo yote wanapita watu wenye friji, jiko la gesi na choo ndani ya trela, na wakipiga kambi wanazipanga duara. Addis Ababa wakapokelewa na Haile Selassie. Sasa Kassim, mtu akitaka leo kuvuta trela kama hiyo huku kwetu, ajihadhari na nini?

KASSIM: Mimi naanzia mlangoni, dada Rehema. Trela ya Marekani mlango wake uko kulia, kwa sababu kule wanaendesha kulia na abiria anashukia pembeni mwa barabara. Ilete Kenya au Afrika Kusini, mlango unafungukia katikati ya barabara, magari yanapopita. Kwa hiyo ukisimama, toka nje kabisa ya lami. Na watoto wasifungue mlango kabla mtu mzima hajashuka kutazama.

REHEMA: Umeme je?

KASSIM: Vyombo vyao ni vya volti 120, huku kwetu ni 240. Hita ikipata volti maradufu, joto lake linapanda mara nne, inaungua palepale. Transfoma inashusha volti, lakini haigusi mizunguko ya umeme: Marekani ni 60 kwa sekunde, huku 50. Feni au pampu yenye mota ya kule itazunguka polepole na kupata moto. Bora utumie vya betri.

REHEMA: Friji ya gesi ndiyo inayowashangaza wengi, maana haina kompresa. Mwali unachemsha mchanganyiko wa amonia na maji, kisha kimiminika kinarudi chini kwenye kichemshio kwa uzito wake chenyewe. Trela ikisimama imeinama, hakirudi. Kichemshio kinakauka, kinapata moto kupita kiasi, na chembe zinaziba bomba. Hapo friji imekufa, na kuongeza gesi hakusaidii. Weka pimamaji kwenye sakafu ya friji kabla ya kuwasha, kisha ingiza vipande vya mbao chini ya tairi za upande ulioshuka.

KASSIM: Njiani, adui ni mzigo uliopangwa vibaya. Trela ya kilo 2,000 iegemeze kilo 200 hadi 300 kwenye ndoano ya gari. Ukirundika maji na makopo nyuma, mbele panakuwa pepesi na mkia unaanza kuyumba. Ukiyumba, usikanyage breki ya gari! Achia mafuta, shika usukani sawasawa, vuta breki ya trela peke yake kwa mkono.

REHEMA: Halafu nati za magurudumu. Zikaze tena baada ya kilomita 80 za kwanza, maana rimu inajikalia.

KASSIM: Na barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati, hiyo ndiyo inayofungua ribiti, zile pini zinazoshikanisha mabati ya trela. Mwili wa Airstream unabeba mzigo pamoja na chesisi, kwa hiyo kila mtikisiko unapita kwenye ngozi ya alumini. Ribiti iliyolegea utaijua: kichwa chake kimezungukwa na unga mweusi, unaofuata upepo kuelekea nyuma. Ni alumini inayosagana.

REHEMA: Wengi wanaufuta wakidhani ni uchafu wa safari.

KASSIM: Na maji yanaingia hapohapo, yanashuka hadi kwenye sakafu ya plaiwudi. Kila wiki bonyeza kwa bisibisi kwenye kona za nyuma; ikizama, ubao umeoza. Ribiti ya asili inagongwa na watu wawili, mmoja nje na mmoja ndani ameshika chuma, na ukuta wa ndani lazima ufunguliwe. Mkiwa safarini tumieni ribiti ya kuvuta kutoka nje, mkitangulia kupaka gundi ya kuzuia maji ndani ya tundu, si juu ya kichwa.