Patmos: Watawa Waliojenga Boma

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Leo naongelea Patmos, kale kakisiwa ka Ugiriki ambako kila aliyewahi kufungua kitabu cha Ufunuo anakajua kwa jina ila ukimwambia akaonyeshe kwenye ramani anaanza kukohoa. Kapo mashariki ya bahari ya Aegean, jirani na pwani ya Uturuki, kilomita za mraba 34 tu, na uwanja wa ndege hamna, unapanda feri Piraeus pale karibu na Athens, masaa kama nane hivi.

Ukishuka bandarini Skala inua macho. Juu kabisa unaona nyumba nyeupe zimebanana, hiyo ndo Chora, na katikati yake limekaa jengo kubwa la mawe ya kijivu, kuta zinapita mita 15, halina madirisha ya maana, yaani mtu akikudanganya kwamba ni kambi ya jeshi unaamini. Ndo monasteri ya Mtakatifu Yohana. Watu wanaenda pale kutafuta utulivu wa roho, na ni sawa kabisa, lakini mimi nasema anza na kuta, maana walioijenga walikuwa wanasali huku wanachungulia baharini.

Mwanzilishi ni mtawa anaitwa Christodoulos. Alikuwa Asia Ndogo, ndo Uturuki ya leo, Waturuki wa Seljuk wakasogea, akahama, akapata ardhi kisiwa cha Kos lakini yeye alikuwa anataka upweke, basi akamwendea mfalme wa Bizanti, ile dola ya Roma ya Mashariki, Alexios I Komnenos, akamwambia ya Kos chukua, nipe Patmos. Mwaka 1088 mfalme akampa kisiwa kizima, tena bila kodi! Hati yenyewe ipo mpaka leo kwenye makumbusho ya monasteri, na saini ya mfalme kwa wino mwekundu, isimamie hapo dakika mbili tatu, usipite tu. Karatasi ile iliwalinda watawa kama kuta zilivyowalinda. Christodoulos mwenyewe wala hakufaidi, mashambulizi yalizidi akakimbilia Euboea, kisiwa kingine cha Ugiriki, akafia huko 1093, mwili ndo ukarudishwa.

Sasa pale mlangoni, kabla hujaingia, tazama juu. Kuna kijitundu kimetokeza ukutani, hapo ndo walikuwa wanamwagia adui mafuta ya moto. Halafu unaingia uani, kokoto chini, matao, kanisa limejaa picha za ukutani, moshi wa ubani. Dakika moja tu kutoka mafuta ya moto! Mimi hicho ndo kinanifurahisha kuliko vyote.

Maktaba ni habari nyingine. Wana kurasa 33 za Injili ya Marko za karne ya 6, ngozi imepakwa zambarau, herufi za fedha, na kurasa nyingi zaidi za kitabu hichohicho ziko St Petersburg, msiniulize nani alizigawa. Mwaka 1801 akapita Mwingereza, Edward Daniel Clarke, akanunua kwa watawa kitabu cha Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kilichoandikwa kwa mkono mwaka 895, leo kiko Oxford. Alinunua, hakuiba, ila mnajua wenyewe ununuzi wa zama zile.

Pango la Yohana, pale wanapoamini aliona yale maono ya Ufunuo, wengi wanaliruka wakiwahi meli, kosa. Liko katikati ya njia kati ya Skala na Chora, dogo, wanakuonyesha ufa kwenye mwamba umegawanyika mara tatu, wanasema ni Utatu, na kishimo chenye duara la fedha alipokuwa analaza kichwa. Uamini usiamini, ingia.

Mavazi: kaptula na mabega wazi hapana, wanakurudisha. Na kama unaweza kuchagua muda, nenda Alhamisi Kuu ya Waorthodoksi, abati, yaani mkuu wa monasteri, anawaosha miguu watawa 12 hadharani uwanjani, ila chumba utafute mapema sana.

Haya, wewe dada uliyeinua mkono, karibu.