Ngoma za mahafali: namna ya kuchagua vyombo na kuwafundisha watoto mdundo

Haya wadau wa ngoma, habari zenu, dogo hebu ilaze hiyo simu, eeh hapo hapo, mnaniona sasa. Leo ni kwa ajili ya walimu na wazazi wa kamati za mahafali, maana msimu unakuja na swali ni lile lile, mwalimu tununue ngoma gani? Na mimi nawauliza, watoto wanacheza nini? Ukishaona mguu unakanyagaje ndo unautafutia ngoma yake, sio unanunua ngoma tatu za rangi rangi halafu unaanza kuwatafutia watoto cha kucheza.

Kama ni bugobogobo ya Wasukuma, ile ni ngoma ya kulima, watoto wanashika majembe, mwili unainama unanyanyuka, inataka ngoma nzito zinazotembea pamoja. Sindimba ya Wamakonde ni kiuno, na kiuno kinataka vile vingoma vidogo vya kupiga kwa vijiti vyembamba, vinalia juu, vikavu, halafu kubwa inavijibu kwa chini. Muheme ya Wagogo wanaopiga ni akina mama wenyewe, ngoma inabanwa mapajani, kwa hiyo ukiipeleka shuleni wape wasichana ngoma wapige, usiweke wavulana kwenye ngoma na wasichana wakawa wa kucheza tu, hapo umeshaiharibu. Hilo mimi sibadilishi.

Vyombo vyenyewe hivi. Hii kubwa ni vumi, ndo inashikilia ardhi. Hizi ndogo ni chapuo, mbili zinatosha. Hii ndefu ni msondo, wazee wetu wa huku pwani wanaijua sana, hii ndo inaongea. Kayamba mbili, njuga za miguuni. Kwa kundi la watoto ishirini hapo umemaliza, usiongeze, ngoma zikizidi hakuna atakayesikia njuga na miguu ya watoto, na watu wamekuja kuona miguu.

Zile zenye kiuno chembamba na kamba nyingi ukipita hapa Mwenge, Dar, kwenye vinyago utaziona zimejaa, zile ni djembe, asili yake Afrika Magharibi, Mali na Guinea huko. Ni ngoma nzuri sana, mimi naipenda, ila usiibebeshe sindimba peke yake. Kama shule inayo tayari iweke ishike nafasi ya katikati.

Hela hakuna? Dumu la lita 20 lipindue, funga kitambaa kwenye fimbo ya kupigia, vumi ya mazoezi hiyo. Vizibo vya soda toboa katikati tunga kwenye waya, njuga hizo. Punje za mahindi kwenye kopo, kayamba hiyo, twende. Mazoezi ya mwezi mzima mnafanya na madumu, ngoma za ngozi mnakodi wiki ya mwisho.

Sasa ukienda kununua usiangalie nakshi. Gonga katikati, halafu zungusha kidole pembeni unagonga gonga hivi, sikieni... subiri bodaboda ipite. Haya. Sikieni, hapa, hapa, na hapa. Mlio uwe mmoja mzunguko mzima. Ukikuta sehemu inalia kama umegonga boksi ujue ngozi imelegea upande huo au haikuwambwa sawa, iache. Ingiza mkono kwa ndani upapase mbao kama kuna ufa. Ngozi ya mbuzi inalia juu, inafaa kwenye chapuo, ya ng'ombe ni nene, iende kwenye vumi.

Tulieni hapa kwenye moto, nitarudia na nitarudia tena. Dar ina unyevu, masika ikiingia kuanzia mwezi wa tatu ngozi zote zinalegea, ngoma inalia puu puu. Dawa yake ni kuianika juani, au kuipasha. Kuipasha moto sio kuichoma! Moto wa makaratasi au nyasi kavu, ngoma iwe mbali, iinamishe, na muda wote unaizungusha, hivi, hivi, usisimame. Weka kiganja chako kati ya ngozi na moto, kiganja kikishindwa na ngozi imeshindwa, rudisha nyuma. Unapasha kidogo unagonga, unapasha kidogo unagonga. Ikishaita basi, toa. Jamani usimpe mtoto kazi hii, na usiache ngoma karibu na moto eti unaenda kupanga foleni ya watoto, ngozi ikipasuka nusu saa kabla ya mgeni rasmi hakuna fundi atakayekuwambia ngoma muda huo. Nasema tena, mbali na moto, na izunguke.

Dogo mbona giza? Aah wingu. Sogea huku mlangoni. Haya tuendelee.

Mdundo. Ngoma zetu nyingi zina tatu na mbili zinatembea kwa pamoja, na hapo ndo utamu ulipo. Mkono wa kulia unapiga tatu, wa kushoto unapiga mbili, kwenye muda ule ule. Usimhesabie mtoto namba atachanganyikiwa, mpe maneno, NGOO-ma ya NGUU. Kwenye "ngo" mikono yote miwili, "ma" kulia, "ya" kushoto, "ngu" kulia. NGOO-ma ya NGUU, NGOO-ma ya NGUU. "Ngo" ndefu, "ma" na "ya" fupi zinafuatana, "ngu" ndefu tena, halafu mnarudi bila kupumzika.

Watoto watafanya nini? Watazisawazisha zote nne, ngo, ma, ya, ngu, na hapo imeshakuwa gwaride, kiuno kitakataa. Ukisikia gwaride simamisha, weka ngoma chini, waimbe kwa mdomo tu na kupiga mapaja yao, mpaka iwe tamu ndo warudi kwenye ngoma. Halafu gawa darasa, hawa wapige makofi matatu, hawa wakanyage mara mbili, wabadilishane. Anza polepole sana. Kasi itakuja yenyewe, watoto hawana shida ya kasi, shida ni kuwazuia.

Kayamba usimpe mtoto aliyekosa nafasi. Watu wengi wanafanya hivyo na mimi inaniuma, kayamba ndo saa ya kundi zima. Tafuta yule mtoto mtulivu asiyeyumba hata wenzake wakikimbia, huyo ndo wa kayamba. Mchangamfu mpe msondo, maana msondo unatoa ishara ya kubadilisha staili, na ishara hiyo wachezaji waijue kabla hujawafundisha hata staili ya pili. Na mpiga msondo awaangalie wachezaji miguu, sio aangalie wazazi na simu zao.

Na kama kuna bibi mtaani wa kutoka Newala, kwa Wamakonde, au babu wa Kisukuma, mwombe aje shuleni siku moja akae na watoto. Dar hii ina watu wa kila kona, ukiuliza nyumba tatu unampata. Atakuonyesha bega linavyokaa, mimi kwenye simu siwezi kukuonyesha vizuri.

Siku yenyewe maikrofoni moja iwe chini usawa wa njuga, vumi haihitaji maikrofoni kabisa, na mwambieni mtu wa muziki azime bit zake.

Za kukodi ninazo, vumi, chapuo na msondo, niandikieni hapo chini mniambie tarehe na ngoma mnayocheza. Za mwezi wa tisa na wa kumi wahini, mahafali nyingi zinaangukia hapo na vumi kubwa niliyonayo ni hii moja.