C Imejaa: Nini Kitoke, Nini Kisiguswe

SALUM: Karibuni tena. Mimi ni Salum, na mbele yangu yupo dada Rehema, fundi wetu. Swali la leo limetufikia kwa sura nyingi ila ni lile lile: laptop ya mtumba, SSD ya GB 128, Windows 10 imepandishwa kwenda 11, na C, diski inayobeba Windows, ina mstari mwekundu wa kujaa. Afute nini?

REHEMA: Kwanza asishangae kwamba ile 128 inasomeka 119. Hajaibiwa. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024. Hiyo tuipite.

SALUM: Mimi ningefungua C, nikapanga mafolda kwa ukubwa, nikaanza kufuta yaliyonona.

REHEMA: Na kesho yake mashine iko mezani kwangu, unaniambia imekufa yenyewe.

SALUM: Haifi yenyewe?

REHEMA: Mara chache sana. Mtu ameingia Program Files, ameona folda asiyoijua, akabonyeza Delete. Sasa kaka Salum, programu haikai folda moja. Ina mafaili sehemu nyingine, ina maandishi kwenye rejista ya Windows, yaani daftari la mipangilio yake, pengine ina huduma inayoamka kila ukiwasha kompyuta. Ukifuta folda, hivyo vingine vinabaki vikitafuta kitu ambacho hakipo. Iliyoingia kwa kusakinishwa itoke kwa Uninstall. Settings, Apps, Installed apps. Na kabla ya hapo andika "restore point" kwenye sehemu ya kutafuta, utengeneze moja, ni alama ya kurudisha Windows ilivyokuwa mambo yakiharibika. Kwenye mashine nyingi hiyo kinga inakuwa imezimwa, kwa hiyo uiwashe kwanza.

SALUM: Na nyaraka zake?

REHEMA: Azitoe nje kabisa, kwenye flashi au diski ya pembeni. Restore point hairudishi picha za harusi.

SALUM: Sawa. Tuanze na nyama yenyewe. Huyu amepandisha Windows majuzi.

REHEMA: Basi kuna folda inaitwa Windows.old. Ni mfumo wake wa zamani, umetunzwa ili akijuta arudi. Inakaa siku 10 kisha Windows inaifuta yenyewe. Akitaka iondoke leo, aende Settings, System, Storage, Temporary files, aweke tiki kwenye Previous Windows installation. Ajue tu kwamba baada ya hapo njia ya kurudi imefungwa. Halafu ukurasa huo huo una kisanduku cha Downloads. Watu wanatia tiki kila kitu wakiona neno "temporary", barua ya kazi inaondoka na maji.

SALUM: Nimesikia kilio cha aina hiyo. WinSxS je? Kila anayechungulia ndani ya Windows anaikuta hiyo, GB nane, tisa.

REHEMA: Hapo ndipo watu wanapoharibu. WinSxS ni ghala la vipande vya Windows. Faili nyingi zilizomo zinaonekana pia System32, folda kuu ya mafaili ya Windows, lakini kwenye diski ni faili moja yenye majina mawili. Mtu nyumbani anaitwa Baba Asha, shuleni anaitwa Mwalimu. Ukihesabu majina utapata wawili, ila sahani ya wali ni moja. Ule ukubwa unaouona kwenye File Explorer ni wa kuhesabu majina.

SALUM: Ukweli utaujuaje?

REHEMA: Fungua Terminal, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi. Andika Dism, nafasi, /Online, nafasi, /Cleanup-Image, nafasi, /AnalyzeComponentStore. Subiri. Ile asilimia inaweza kuganda, usiifunge. Hapa kwangu imemaliza. Soma.

SALUM: Ukubwa unaoripotiwa na Explorer, GB 8.2. Ukubwa halisi, 7.9. Halafu "Shared with Windows", 6.1.

REHEMA: Hizo 6.1 ni Windows yenyewe inayotumika sasa hivi. Zinazoweza kujadiliwa ni zile 1.8 zilizobaki, nakala za akiba na vipengele vilivyozimwa, na hata hizo si zote zitatoka. Teremka chini, inasemaje?

SALUM: "Cleanup Recommended: Yes."

REHEMA: Basi unarudia amri ile ile, ila mwishoni unaandika /StartComponentCleanup. Windows hufanya usafi huu yenyewe, ila inakipa kipande cha zamani siku 30 baada ya kipya kuingia. Ukiiamuru wewe haisubiri.

SALUM: Mtandaoni wanaongeza na /ResetBase.

REHEMA: Ukiongeza hiyo, masasisho yaliyopo huwezi tena kuyaondoa. Mojawapo ya hizo ikikuletea shida ya printa wiki ijayo, imekula kwako. Kwa GB moja na kidogo, mimi siiweki.

SALUM: Lakini folda yenyewe huigusi kwa mkono.

REHEMA: Kamwe. Na ipo nyingine ninayoiogopa zaidi: C, Windows, Installer. Imefichwa, watu wanaifukua kwa programu za kupima mafolda. Kila programu iliyoingia kwa MSI, aina ya faili la kusakinishia, inaacha kifurushi chake pale. Ukiifuta leo kompyuta itawaka, Word itafunguka, utajisifu. Miezi inapita, Office inataka kujisasisha, au unataka kuiondoa, inakuuliza faili la msi liko wapi. Hapo hakuna anayekumbuka nini kilifutwa lini. Mwishowe unapigwa Windows upya.

SALUM: Mimi nina kero na hizi Microsoft Visual C++. Ziko kumi na ngapi kwenye orodha! 2008, 2010, 2012, 2013, 2015 mpaka 2022, halafu kila moja x86 na x64. Mashine yangu ni ya biti 64, x86 za nini?

REHEMA: Za programu za biti 32, na bado zipo nyingi. Hizi ni vipande vya msaada ambavyo programu nyingine zinaazima, na kila toleo linahitajiwa na programu zilizojengwa kwa toleo hilo. Ya 2013 haifanyi kazi ya 2010. Ni zile za 2015 kuendelea tu ndizo zilizounganishwa pamoja. Ukiziondoa, kesho programu ya uhasibu inakuambia faili la vcruntime140.dll halipo, unaanza kupakua mafaili hayo ya DLL kwenye tovuti za ajabu, na huko ndiko virusi viliko. Zote kwa pamoja hazifiki hata filamu moja. Ziache. WebView2 nayo iache, programu nyingi zinaitumia kuonyesha kurasa zao.

SALUM: Kwa hiyo nisiguse kitu!

REHEMA: Gusa, mbona vipo! Magemu yaliyokuja na mashine, programu za kampuni iliyoiuza zinazokukumbusha dhamana iliyokwisha. Antivirasi ya majaribio iliyokwisha muda, hiyo itoe, ila kwa zana ya kuondolea ya mtengenezaji wake, maana zinajichimbia sana. Ikitoka, Defender, antivirasi ya Windows yenyewe, inajiwasha. Kuna Flash Player pia, ile ya zamani ya kuchezesha video na magemu ya kwenye tovuti. Adobe waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na bado naikuta kwenye mashine za mtumba.

SALUM: Na hiberfil.sys? GB tatu na ushee.

REHEMA: Hiyo ni ya kulaza kompyuta usingizi mzito bila kula umeme. Kwenye Windows 10 ilichukua kama asilimia 40 ya RAM. Kama hulazi hivyo, kwenye ile Terminal ya msimamizi andika powercfg /h off, inatoweka yenyewe. Utapoteza na ule uwakaji wa haraka, lakini kwenye SSD wengi hawataona tofauti.

SALUM: Tumalizie na hizi programu za kusafisha rejista. "Makosa 1,400 yamepatikana!"

REHEMA: Makosa gani? Ni mistari ya maandishi, haichukui nafasi ya maana. Microsoft wenyewe wamesema hawaungi mkono programu za kusafisha rejista. Halafu unampa mgeni ufunguo wa nyumba nzima. Mwaka 2017 toleo la 5.33 la CCleaner, mojawapo ya programu hizo za usafi, lilisambazwa likiwa na programu hasidi ndani, kutoka kwenye seva rasmi, likafika kwenye mashine zaidi ya milioni mbili.

SALUM: Mwaka huo huo wa WannaCry, kile kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai pesa.

REHEMA: Mei. Ilipenya kupitia SMB1, njia ya kizamani ya kushirikisha mafaili. Hiyo ni ya kuondoa hata kama haikupi nafasi yoyote: Turn Windows features on or off, toa tiki. Windows mpya haiji nayo, lakini zilizopandishwa kutoka za zamani huenda bado zimeibeba.

SALUM: Steshenari wana ile mashine kubwa ya kopi inayotuma skani kwenye folda ya kompyuta.

REHEMA: Kama ni ya zamani, huenda inajua SMB1 tu. Ukiiondoa, skani hazifiki. Waangalie kwanza kama inaweza kutuma kwa flashi au barua pepe.

SALUM: Sasa huyu msikilizaji wetu mwisho wa siku atapata GB ngapi?

REHEMA: Windows.old peke yake mara nyingi inapita GB 10. Akiongeza na vingine, mstari mwekundu unaondoka. Usipoondoka, si Windows tena. Afungue folda ya Videos atuambie amekuta nini.