Simu Nimeiacha Kwenye Gari, Msinikasirikie

Habarini za huko jamani, hapa Portland, Marekani, saa mbili kasoro asubuhi, huko nyumbani mnaikaribia saa kumi na mbili jioni, najua wengine mko kwenye daladala saa hizi mmebanana mnaniangalia. Mnaniona niko pakingi, ndani ya gari, jasho linatiririka, raba zina tope mpaka kwenye soksi, na najua swali lenu, video ya msitu iko wapi. Haipo. Wiki ya tatu hii mnaniandikia tuonyeshe huo msitu unaokimbiaga alfajiri, na leo nilikuja kabisa na nia ya kurekodi, nimeshuka, nimefunga kamba za raba, nikaitazama simu, nikairudisha kwenye droo ya gari. Ngoja niwaambie kwa nini.

Si mnajua hizi saa kumi za tofauti. Mimi nikipanda kitandani saa nne usiku nyie mnakunywa chai ya asubuhi, basi simu ndo inaanza, grupu la ukoo, grupu la harusi, grupu la send-off ya harusi hiyohiyo, mwanangu vipi ile ishu. Siwalaumu, na mimi ningekuwa huko ningekuwa nacheki hivohivo. Ila nimekaa mwaka mzima silali sawasawa, mchana nahudumia wazee wa watu, usiku nahudumia magrupu, mpaka presha ikapanda daktari akanitolea macho. Ndo nikaanza kukimbia. Mwanzoni mtaani, aisee mtaani nilishindwa, mtu mweusi unakimbia giza halijaisha, kila pazia likitikisika namkumbuka yule kijana Ahmaud Arbery, aliyeuawa kule Georgia mwaka 2020 akiwa anakimbia tu. Nikawa nakimbia huku natabasamu peke yangu ili watu wasiogope. Hayo si mazoezi bana, hiyo ni kazi nyingine.

Msituni hakuna wa kumtabasamia. Unaitwa Forest Park, uko ndani ya jiji hilihili, ekari zaidi ya 5,000, na njia yake kuu inaitwa Wildwood, kama kilomita 48, mimi nakata kipande tu msije mkaniita Filbert Bayi. Naanzia chini kule Macleay nafuata kijito, maji yanapiga kelele mpaka magari huyasikii tena, miti sasa, Douglas fir, kama misonobari ya kwetu Lushoto ila mirefu ukiangalia juu kofia inadondoka, chini kangaga zimejaa kila mahali zimelowa. Mvua ya huku wala si mvua, manyunyu tu yasiyoisha, lakini leo yalikuwa yamekatika na ile harufu ya udongo ikapanda, yaani nilisimama. Harufu ya msitu wa Magamba wa kwetu ileile, tunatumwa kuni na baridi inauma masikio. Niko mbali na kwetu kiasi gani sijui lakini pua ilikuwa imeshafika.

Mbele kidogo kuna jumba la mawe halina paa, limeota ukoga, watu wa hapa wanaliita kasri la mchawi, nikaogopaga kweli siku za kwanza, kumbe kilikuwa choo cha umma cha miaka ya 1930, kimbunga cha 1962 kikaharibu mabomba wakakiacha. Mimi mtoto wa Msambaa nimekimbizwa na choo! Kuanzia hapo ni kupanda, pumzi inakata, na hapo ndo penyewe napopapendea maana ukiwa unahema vile huwezi kuwaza mchango wa harusi hata ukitaka. Kichwa kinabaki na vitu viwili, mguu huu usiteleze, na ule mwingine. Nimevuka koa mmoja wa njano mkubwa kama ndizi mbivu, nimekuta maua meupe ya petali tatu yamechanua pembeni, mtu sijakutana naye hata mmoja. Juu kabisa kwenye jumba la Pittock mawingu yalikuwa yamefunguka, mlima Hood na theluji yake unaonekana, mita 3,429, kwa Kilimanjaro ni mjukuu lakini nimeusalimia. Nimekaa pale kwenye nyasi mbichi suruali ikalowa, sijui dakika ngapi maana saa iko kwenye simu na simu iko kwenye gari.

Kwa hiyo hapana, sitawaonyesha. Nyingine zote nitarekodi, soko, shifti, theluji, hii niachieni.

Nimeshuka nikawasha simu, meseji 43, sijafungua hata moja nikampigia mama. Mama yangu tangu nimwambie nakimbia msituni peke yangu alfajiri anaulizaga jambo moja tu, nani anakufukuza. Leo nimempa shikamoo, akaitikia, akauliza, haya umeshafukuzwa? Nikamwambia nimeshafukuzwa mama. Akasema basi kaa chini upumue, kuna suala la harusi.