Mashine Haimwoni Daktari

Nimekuja kuzungumzia mashine za kampuni za mtandao zinazokagua picha zetu zikitafuta picha chafu za watoto. Kabla hamjaniuliza: picha hizo ni uhalifu, na anayezipiga au kuzisambaza afungwe. Nimelisema hilo kila nilikoalikwa, nami ni mama wa watoto watatu. Kwa hiyo tusipotezeane muda hapo.

Turudi kwa yule baba wa San Francisco, Marekani. Wengine mmeshamsikia kwangu, lakini nitamrudia mpaka tuelewane. Februari 2021, wakati wa Korona, mwanawe mdogo alivimba sehemu za siri. Muuguzi akasema tumeni picha, daktari azione kabla ya kuzungumza nanyi kwa video. Zikapigwa kwa simu ya baba. Daktari akaona, akaandika dawa, mtoto akapona. Siku mbili baadaye, mashine ya Google ikiwa imezidhania picha chafu, Google wakafunga akaunti ya baba. Barua pepe, namba za watu, picha za mwanawe tangu azaliwe, hata laini ya simu, kwani nayo ilikuwa yao. Akakata rufaa, akaeleza ugonjwa, wakamkatalia. Polisi wakapekua, wakaona hakuna kosa. Sasa sikilizeni: mpelelezi alipotaka kumpa habari hiyo njema alishindwa kumpata, maana simu haiingii na barua pepe haifanyi kazi! Ikabidi atume bahasha. Na akaunti haikurudishwa hata baada ya polisi kumwondolea tuhuma.

Mleteni huyo baba hapa Nairobi, mtaani Kayole. Saa nne usiku, mtoto ana upele wa nepi umechubuka, nauli ya hospitali hakuna. Mama anapiga picha, anamtumia dada yake muuguzi kwa WhatsApp. Nani hapa hajafanya hivyo? Na simu ikiwa imewashwa kuhifadhi picha mtandaoni, ile picha inapanda yenyewe, mama hana habari. Akaunti ikifungwa, anagonga mlango wa nani? Wenye mashine wako California.

Mtu ataniambia makosa ni machache. Haya, tupige hesabu. Mashine ikosee mara moja tu katika kila picha milioni moja. Zikipita picha bilioni moja, 1,000 ni za watu wasio na hatia. Halafu mashine si moja. PhotoDNA, ya mwaka 2009, hulinganisha alama ya picha yako, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye picha, na alama za picha zilizokwisha kujulikana kuwa za uhalifu. Hiyo siigombi sana. Ninayoigomba ni ile inayokisia picha ambayo haijawahi kuiona, kwa sababu inaona mwili wa mtoto tu. Homa haiioni, daktari haimwoni.

Mwenyekiti, naiona saa. Apple, watengenezaji wa iPhone, walitangaza Agosti 2021 kwamba wangekagua picha ndani ya simu yenyewe. Mwezi huohuo watafiti wakaonyesha picha mbili tofauti kabisa zenye alama moja, na Desemba 2022 mpango ukaachwa. Katiba yetu ya Kenya, kifungu cha 31 kuhusu faragha, someni wenyewe. Lakini kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakupa haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo linalokuathiri pakubwa. Wanasheria mlioko humu, nani amewahi kukipeleka mahakamani kwa ajili ya picha ya mtoto mgonjwa?

Kina mama, msitoke kwanza. Leteni simu hapa mbele, tuzime huko kupanda kwa picha, mmoja mmoja.